Tiba ya Mguso Mpole: Mwongozo Kamili wa Kikao cha Kutuliza Mfumo wa Neva

Mkono ukitua mwilini kwa pupa, misuli hujikaza kabla mwenye mwili hajatambua kitu. Ukitua taratibu, ukakaa, usidai chochote, baada ya dakika chache pumzi huanza kushuka tumboni na mabega hulegea yenyewe. Tiba inayoelezwa hapa imejengwa juu ya tofauti hiyo. Si masaji ya kuvunja mafundo ya misuli. Haina mafuta, haina kukandamiza, haina kunyoosha viungo hadi vilie. Mteja hulala na nguo zake, na kazi ngumu ya mhudumu ni kujizuia asifanye mengi.

"Mteja" humu ni yeyote anayelala chini ya mikono yako, awe amekuja kwa miadi au ni mama yako mzazi aliyekosa usingizi.

Kinachotokea ndani ya mwili

Mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe una pande mbili. Upande wa simpathetiki huandaa mwili kwa mbio au mapambano: moyo huenda kasi, mboni za macho hupanuka, damu hukimbilia misuli mikubwa na tumbo huacha kumeng'enya chakula. Upande wa parasimpathetiki huurudisha mwili kwenye mapumziko, na njia yake kuu ni neva ya vagasi, jozi ya 10 kati ya jozi 12 za neva za fuvu. Takribani asilimia 80 ya nyuzi za neva hiyo hazishushi amri kutoka kwenye ubongo. Hupandisha habari kutoka kwenye moyo, mapafu na utumbo. Kwa hiyo ubongo husikiliza mwili zaidi ya unavyouamuru, na ndiyo maana kumwambia mtu "tulia" hakusaidii kitu, ilhali pumzi iliyorefuka husaidia.

Ngozi nayo ina njia yake. Kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi nyembamba za neva zisizo na ala ya mayelini (utando wa mafuta unaofunika nyuzi nyingine na kuharakisha habari), ziitwazo nyuzi za C za mguso. Hupeleka habari polepole, karibu mita 1 kwa sekunde, na huitika vizuri zaidi ngozi inapopapaswa kwa mwendo wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, kwa mkono wenye joto linalolingana na la ngozi yenyewe, yaani karibu nyuzi 32 za Selsiasi. Viganja na nyayo zina chache mno za aina hiyo. Kumbuka hili tutakapofika kwenye mkono, kwa sababu ndilo linaloamua upapase wapi na kwa kasi gani.

Mishiko yenyewe imepitia mikono mingi. Andrew Taylor Still, daktari wa Marekani, alianzisha ostiopathi, tiba ya kushika mifupa na misuli kwa mikono, mwaka 1874. William Sutherland, aliyesoma katika shule yake, aliihamishia kazi hiyo kwenye fuvu, akiamini kwamba mifupa ya kichwa husogea kwa mpigo wake wa pekee. Baadaye John Upledger akaiendeleza kuwa tiba ya fuvu na sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno), akifundisha mguso wa gramu 5 hivi, uzito wa sarafu ya senti 5 ya Marekani. Tuseme wazi: mpigo huo wa pekee haujathibitishwa, na wahudumu wawili wakihesabu kwenye kichwa kimoja, hesabu zao huwa hazilingani. Hata hivyo, mtu aliyeshikwa kisogo vizuri kwa dakika 8 hutulia. Basi chukua mishiko, acha nadharia. Mhudumu anayemwambia mteja "nimesikia majimaji ya ubongo wako yamekwama" anaongea asichoweza kukijua kwa vidole.

Wa kuahirishwa na wa kupelekwa hospitali

Usiguse kabisa kichwa wala shingo ya mtu aliyepata kiharusi karibuni, aliyeumia kichwa au kupata mtikisiko wa ubongo katika wiki zilizopita, mwenye uvimbe wa mshipa wa damu kichwani, mwenye shinikizo lililopanda ndani ya fuvu, au aliyepata ajali ya shingo ambayo daktari bado hajaichunguza. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu kuliko mwenzake, huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Huo haushikwi, mtu anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, na kwa kichwa kilichouma ghafla kwa ukali ambao mtu hajawahi kuuona.

Mwenye homa au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza asubiri apone. Mlevi asubiri ulevi umtoke, kwa sababu ridhaa yake haihesabiki. Mjamzito aliyefikisha wiki 28 asilale chali kwa muda mrefu, maana uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Alale ubavu, mto katikati ya magoti, na mishiko yote ifanywe kutoka mgongoni. Kichwa cha mtoto mchanga kiachie waliosomea watoto wachanga.

Mtu mwenye kiwewe cha zamani, hasa cha kudhulumiwa mwili, anaweza kunufaika sana, lakini kikao kiende sambamba na huduma ya mtaalamu wa afya ya akili. Na tiba hii haimfanyi mtu aache dawa alizoandikiwa.

Chumba na kitanda

Mwili uliotulia hupoa. Chumba kinachokufaa wewe uliyeketi kitamfanya mteja asikie baridi dakika ya 20, na baridi hurudisha misuli kwenye kujikaza. Chumba kiwe na nyuzi 24 hadi 26, na uwe na blanketi jepesi hata kama ni mchana wa jua kali.

Kitanda cha kukandia kiwe na urefu ambao ukisimama kando yake mikono ikining'inia, vifundo vya vidole vyako vinagusa godoro. Kazi nyingi humu hufanywa umekaa, hivyo stuli iwe ya kimo kinachoruhusu viwiko vyako kulala kitandani bila kuinua mabega. Huna kitanda? Godoro jembamba sakafuni linatosha, ila wewe ukalie mto mgumu, vinginevyo utaumia kiuno kabla ya nusu ya kikao. Kitanda cha kulalia kinachobonyea hakifai: mkono ukiingia chini ya mgongo unazama, na mteja anajikunja kama yuko kwenye machela.

Chini ya magoti weka taulo zilizoviringishwa, unene wa sentimita 15 hadi 20. Hilo hupunguza upinde wa kiuno na kulegeza misuli ya tumbo, na bila hilo mshiko wa kiwambo, msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, hautakupa kitu. Chini ya kichwa weka taulo iliyokunjwa, sentimita 3 hadi 5, si mto mnene unaosukuma kidevu kifuani.

Kucha ziwe fupi kiasi kwamba ukitazama kiganja chako hauzioni. Vua saa na pete. Mikono ikiwa ya baridi, ioshe kwa maji ya moto na uikaushe. Kuisugua tu hupasha ngozi ya juu, na baada ya dakika mbili baridi hurudi.

Jifunze uzito wa mkono wako kwa mizani

Zoezi hili hufundisha zaidi ya maelezo ya kurasa kumi. Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, iweke mezani, keti, laza kiganja chako juu yake na kiwiko kikiwa kimeegemea meza. Legeza mkono wote. Mizani itasoma mamia ya gramu. Mkono mzima wa mtu mwenye kilo 70, kuanzia kifundo hadi vidole, una karibu gramu 400. Huo ndio uzito wa "mkono uliolala", na ndio utakaoutumia kwenye nyayo na tumbo, na nusu yake kidarini.

Sasa inua taratibu mpaka isome 100, ubaki hapo dakika nzima. Kisha tumia ncha za vidole vitatu peke yake, ushuke hadi gramu 5 hadi 20. Utaona namba zinarukaruka. Kinachozirusha ni pumzi yako, bega lililoinuka na kiwiko kisicho na pa kuegemea. Rekebisha kimoja kimoja mpaka namba itulie. Mteja ataihisi mitetemo hiyohiyo, ila yeye hana namba ya kuisoma, atajua tu kwamba hapendi mkono wako.

Wanaoanza wengi hudhani mpole maana yake ni mwepesi mno. Mkono unaoelea, unaogusa vinyweleo bila kutua, hutekenya, na mtekenyo huamsha mwili badala ya kuulaza. Mpole ni mkono uliotua wote, wenye uzito wake, usiosukuma. Gramu chache zina mahali pake, yaani kichwani, lakini ukizipeleka mwili mzima mteja atalala akisubiri uanze kazi.

Mazungumzo ya kabla

Dakika 5 zinatosha. Uliza kinachomsumbua leo, magonjwa na dawa, majeraha ya kichwa na shingo, ujauzito, na sehemu asiyotaka kuguswa. Hilo la mwisho liulize bila kutaka sababu. Mweleze kila mahali utakapoweka mikono, ukionyesha kwenye mwili wako mwenyewe, hasa kidari na sakramu. Akisitasita popote, paruke. Mkubaliane kwamba akiinua kiganja kutoka kitandani unaacha hapohapo. Alama ya mkono ni rahisi kuliko maneno kwa mtu aliyezama.

Kisha chukua vipimo vitatu: mapigo ya moyo kwa sekunde 60 kamili, pumzi kwa sekunde 60, na namba kati ya 0 na 10 anayojipa mwenyewe kwa jinsi alivyojikaza. Pumzi ina hila yake: mtu akijua inahesabiwa, hubadilika. Endelea kumshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku ukitazama kifua. Kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni pumzi 12 hadi 20 kwa dakika.

Kikao, mshiko kwa mshiko

Kabla ya kugusa, keti kwa pumzi tano. Makalio yakae sawa kwenye stuli, nyayo zote sakafuni. Ukianza na haraka zako, mikono itamwambia.

Kutua na kuondoka kuna kanuni moja kwa mishiko yote. Leta mikono mpaka karibu na nguo, subiri pumzi moja, tua mteja anapotoa pumzi. Wakati wa kuondoka, punguza uzito kwa pumzi tatu, kisha inua. Mkono unaochomolewa ghafla huacha mshtuko, na kazi ya dakika sita hupotea kwa sekunde moja.

*Nyayo, dakika 5.* Keti miguuni. Laza viganja juu ya migongo ya nyayo, dole gumba likiwa upande wa ndani, au shika visigino kwa chini kama unavyoshika kikombe kipana. Uzito wa mkono mzima. Usipapase hapa, shika tu. Tunaanza miguuni kwa sababu ni mbali na uso, tumbo na kifua, sehemu ambazo mwili huzilinda zaidi. Hapa ndipo mteja anapoupima mkono wako. Nyayo zikiwa za baridi sana, weka soksi na blanketi, uendelee juu yake.

*Sakramu, dakika 7.* Huu ni mfupa wa pembetatu ulio kati ya nyonga, chini ya kiuno. Mwombe mteja akunje goti lililo upande wako na ageuke kidogo, ingiza mkono kutoka ubavuni, kiganja kikitazama juu, kisha arudi taratibu ili mfupa utue kiganjani. Vidole vielekee kiunoni. Mkono usiingie kwa kupita katikati ya mapaja. Njia ya ubavuni inatosha na haimtii mtu wasiwasi. Kiwiko chako kizame kwenye godoro. Hutainua wala kuvuta chochote, uzito wa nyonga unafanya kazi yote. Dakika ya 4 hivi mkono hufa ganzi kwa wengi. Hiyo ni dalili kwamba kifundo chako kimekunjwa mno, kwa hiyo sogeza stuli, usivumilie. Ukivumilia utaanza kuwaza ganzi yako, na mteja ataachwa peke yake.

*Kiwambo, dakika 7.* Mkono mmoja chini ya mgongo, pale mbavu za mwisho zinapokutana na uti wa mgongo. Mwingine juu, chini tu ya mfupa wa kidari, nusu kwenye mbavu nusu tumboni. Hapa usiielekeze pumzi. Kosa la kawaida ni mkono wa juu kuanza kuifuata kwa kuibonyeza inaposhuka, na mteja akaanza kupumua kwa ajili ya kukufurahisha. Acha mkono upande na kushuka kama mashua iliyofungwa gatini. Baada ya dakika tatu au nne pumzi itaanza kuacha pengo dogo mwishoni, kabla ya kuvutwa nyingine. Pengo hilo likija, usihame. Wengi huhama hapohapo wakidhani wamemaliza, kumbe ndiyo kwanza mwili umeanza.

*Mikono, dakika 3 kila upande.* Hapa ndipo pa kupapasa. Tumia kiganja chote kilicholala, anzia kiwiko hadi kifundo upande wa nje wa mkono, wenye vinyweleo. Mkono wa mbele wa mtu mzima una karibu sentimita 25, kwa hiyo kila mpapaso uchukue sekunde 8. Hesabu kimoyomoyo, kwa sababu karibu kila mtu hukimbia na kumaliza kwa sekunde 3. Ukifika kifundo, ule mkono wa pili uwe umeshatua kiwikoni, ngozi isiachwe bila mguso. Kama nguo ni nzito inayokwaruza, omba mikono ya shati ikunjwe. Vinyweleo vikisimama au mteja akitabasamu kwa mtekenyo, ongeza uzito, si kasi.

*Kidari, dakika 6.* Kiganja kimoja mgongoni, kati ya mifupa bapa ya nyuma ya mabega, kimeingizwa kutoka begani. Kingine juu ya mfupa wa kidari, chini kidogo ya pale mitulinga inapokutana, vidole vikielekea bega la mbali na visishuke kwenye matiti. Kwa mwanamke ambaye hataki mshiko huu, weka viganja juu ya mabega na inatosha kabisa. Mkono wa kidarini uwe nusu ya uzito wake, kwani hapa mwili huhisi mzigo haraka. Machozi mara nyingine huja katika mshiko huu. Usiyahoji wala usiyasherehekee. Mkono ubaki, kitambaa kiwe karibu.

*Kisogo, dakika 8.* Huu ndio mshiko unaokumbukwa, na pia ndio unaoharibiwa zaidi. Keti kichwani, viwiko vimelala kitandani, migongo ya mikono yako kwenye godoro, vidole vikielekea mabega ya mteja. Tafuta ukingo wa chini wa mfupa wa kisogo, pale mfupa unapoishia na nyama laini inapoanza. Simamisha vidole vitatu vya kila mkono, cha shahada, cha kati na cha pete, wima kama vigingi, kisha acha kichwa kikae juu ya ncha zake. Kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5, huna haja ya kusukuma hata kidogo. Misuli midogo ya chini ya kisogo, ambayo hukaza kwa mtu anayekodolea kioo cha simu au kompyuta siku nzima, hulegea polepole, na kichwa huzama kutoka vidoleni hadi viganjani. Kinaweza kuchukua dakika 3, kinaweza kuchukua 7.

Vidole vikitetemeka, vishushe kidogo, kichwa kiegemee viganja zaidi. Kidevu kikipanda juu, vidole vyako vimeshuka mno katikati ya shingo, virudishe ukingoni. Dole gumba zibaki nje, kando ya masikio. Usiziweke mbele ya shingo hata kwa kupumzika: pande za koo ndiko iliko mishipa mikuu ya kupeleka damu kichwani, na kuibana kunaweza kupunguza mapigo ya moyo ghafla hadi mtu akazimia. Mteja akisema anasikia kizunguzungu, anaona viwili viwili, uso unakufa ganzi au maneno yanamlemea, acha, na uite huduma ya dharura.

*Kichwa, dakika 5.* Toa vidole taratibu, kichwa kilale kwenye taulo. Weka viganja pande zote mbili juu ya masikio bila kuyaziba, kwa gramu 20 hadi 50 tu. Usibane fuvu pande mbili. Baadhi ya shule hufundisha mbano wa kisogo kwa ajili ya "kusimamisha mpigo", ambao usiujaribu kutoka kwenye maandishi. Kwa anayesaga meno usiku, vidole viwili vilivyolala kwenye misuli ya taya, mbele ya sikio, hufaa kuliko viganja kichwani.

*Nyayo tena, dakika 3*, kama mwanzo. Usiruke hatua hii hata kama muda umekwisha, punguza kwingine. Mtu aliyeachwa kichwani huinuka akiwa anaelea.

Kisha mwambie abaki amelala dakika moja, ageuke ubavu, asukume kwa mikono hadi akae, na akae kitako walau dakika mbili miguu ikining'inia. Shinikizo la damu limeshuka, na anayeinuka kwa mkupuo anaweza kuanguka, hasa mzee au anayemeza dawa za presha.

Kusoma dalili: utulivu na kufifia si kitu kimoja

Mwili unaotulia una sauti na miendo yake. Tumbo hunguruma. Mtu humeza mate, hupiga mwayo, hushusha pumzi ndefu bila kukusudia. Kope hucheza, kidole hushtuka mara moja na kutulia. Vidole vya mikono hupata joto, uso hupata rangi. Dalili hizi huja kwa vikundi, zikiachana dakika chache, na katikati yake kunaweza kuonekana hakuna kitu. Kaa tu.

Kuna kimya kingine kinachofanana na hicho kwa mbali. Mtu amelala bila kusogea, hajibu haraka, nawe unajisifu moyoni. Mtazame vizuri. Pumzi ni fupi na ya juu, au imeshikwa. Mikono ni ya baridi na ina jasho. Macho yako wazi yakitazama dari bila kupepesa, au yamefumbwa kwa nguvu. Tumbo halina sauti yoyote. Huyu hajatulia, amejificha ndani yake. Mwili ulioona hauwezi kukimbia wala kupigana huchagua kuganda, na mkono unaoendelea kumshika unathibitisha kwamba hana pa kwenda.

Jaribio rahisi ni kumwuliza kwa sauti ya kawaida: "Joto linatosha?" Aliyetulia hujibu kwa uvivu, lakini hujibu, na pumzi yake haibadiliki. Aliyeganda hushtuka, au husema "niko sawa" kwa sauti tambarare. Ukipata la pili, ondoa mikono kwa utaratibu uleule wa pumzi tatu, mwombe afumbue macho, akutajie vitu vitatu anavyoviona chumbani, asukume nyayo kitandani. Mketishe kama anataka. Mkiendelea, endeleeni miguuni tu akiwa amekaa, na kikao kikatwe kwa nusu. Usimwambie "achia, achia", maana kwake neno hilo ni amri nyingine.

Kutetemeka kidogo kwa miguu au taya kwa dakika moja mbili hutokea wakati mwili unaposhuka kutoka kwenye kujikaza. Kama mteja anaweza kuongea na haogopi, mfunike na uache kupite. Kukizidi au akipotewa na fahamu, hiyo si sehemu ya kikao, ni suala la hospitali.

Baada ya kikao, na vikao vingapi

Rudia vipimo vitatu. Kushuka kwa mapigo kwa vipigo vichache na pumzi kupungua mbili tatu ni matokeo mema. Namba anayojipa mwenyewe ndiyo muhimu zaidi. Mteja mwingine ataondoka na usingizi mzito, kwa hiyo asiendeshe gari mpaka awe macho kabisa. Kichwa kuuma kidogo jioni hiyo kwa kawaida maana yake vidole vilikaa kisogoni mno au vilisukuma. Kikao kijacho punguza mshiko huo hadi dakika 4. Maji anywe kama ana kiu. Habari ya kwamba maji "yatafua sumu zilizotolewa" ni ya kuuzia tu.

Mara moja kwa wiki inatosha. Baada ya vikao vinne fungua daftari: je, usingizi umebadilika, taya, tumbo, namba ya kuanzia kikao? Ikiwa namba ya kuanzia ni ileile kila wiki, kikao kinamstarehesha lakini hakimbadilishii siku zake, na haki yake ni kuambiwa hivyo na kuelekezwa kwa daktari au mshauri nasaha, badala ya kuuziwa kikao cha tano.

Ukiwa peke yako

Lala chali, magoti yameinuliwa kwa taulo, kiganja kimoja kidarini, kingine tumboni. Vuta pumzi kwa sekunde 4, toa kwa 6, jumla pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 5. Ukisikia kukosa hewa, unavuta nyingi mno. Punguza kiasi, si mwendo.

Kwa kisogo, tia mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi moja, funga fundo, lala juu yake ukingo wa mfupa ukikaa kwenye mipira na uti wa mgongo ukipita kwenye mwanya wa katikati. Anza na dakika 3, usizidishe 10, na weka kengele ya simu, kwa sababu kulala usingizi juu yake hukuamsha na shingo iliyokaza. Fundo libane mipira igusane. Ikiachana hukimbilia kwenye mifupa ya nyuma ya masikio, nayo haipendi kukaliwa.